Mafunzo ya uongozi ya wiki 8 kwa wanachuo hapa Mwanza: je, yanastahili elfu 40?

Ni Jumamosi 8 mfululizo, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, ada shilingi 40,000 na chai humo humo. Nimeyamaliza mwezi uliopita. Niko mwaka wa pili, ni CR (mwakilishi wa darasa) wa darasa la watu 62, na nilichotaka ni kitu cha kunisaidia kwenye kazi hiyo. Jibu langu ni ndiyo, yanastahili, ila thamani yake imelala kwenye wiki ya 3, ya 5 na ya 7.

Wiki 2 za mwanzo ni hotuba za kujitambua, kuweka malengo na kusimama mbele za watu. Zinamfaa mwenye woga wa kuongea. Tatizo ni kwamba zinaithibitisha picha ambayo wengi wetu tunakuja nayo, kwamba kiongozi ni mwenye sauti na mwenye kutangulia. Picha hiyo inavunjwa wiki ya 3, tena inavunjwa Mwaloni Kirumba, sokoni.

Pale mnakaa pembeni kuangalia kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa dagaa. Sanduku lao la chuma lina makufuli 3. Funguo wanashika wanachama 3 wasio na cheo chochote, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne. Mwenyekiti hana ufunguo hata mmoja. Makufuli yanafunguliwa mbele ya wote, mtu wa kwanza anahesabu fedha kwa sauti, wa pili anarudia, kisha jumla inalinganishwa na kiasi ambacho wanachama walikikariri kikao kilichopita. Muda wote huo mwenyekiti anaongea kidogo sana. Anataja ajenda, anauliza nani hajasikilizwa, anafunga.

Mimi hapo ndipo nilipobadilika mawazo. CR anayeshika michango ya darasa anataka aaminiwe. Akina mama hawa wamepanga mambo yao hivi kwamba hakuna anayelazimika kumwamini mtu mmoja. Mpangilio huo haumshushi kiongozi heshima. Unamlinda siku hesabu ikigoma.

Kuna la pili pale pale, na wengi walilipita bila kuliona. Kila kikao mwanachama ananunua hisa kuanzia 1 hadi 5, hakuna kiwango kimoja cha lazima. Sababu iko ziwani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa haivuti vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na mikononi hela inakauka. Kiwango kimoja kingewafukuza watu kwa aibu ya kukosa. Aliyetunga kanuni hiyo alianza kwa kujua fedha ya mwenzake inaingia lini. Sasa linganisha na CR anayetangaza mchango wa 10,000 wiki 2 kabla ya bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi), halafu anawaandama wasiotoa kwenye grupu la WhatsApp. Tarehe ndiyo iliyokosewa, na ni yeye aliyeipanga.

Wiki ya 5 mnagawanywa watu 6 kwa 6, na kila kikundi kinaendesha kazi ndogo yenye fedha za kweli, kama kutoa kopi za hendauti za darasa zima. Karibu kila kikundi kinapungukiwa, kwa sababu zile zile. Watu 40 wakituma 5,000 kwenye simu ya mtu mmoja, kwenye karatasi ni 200,000, lakini kutoa kwa wakala kuna makato na hakuna aliyeyaweka kwenye bajeti. Hela ya darasa inachanganyika na hela ya chakula ya mwenye simu. Risiti ya stesheni (duka la kopi na vifaa vya kuandikia) haiombwi, watu wanaona haya. Dawa waliyotupa naitumia mpaka leo: anayepokea, anayeandika na anayelipa wawe watu watatu tofauti. Kaunta buku (daftari kubwa lenye jalada gumu) lipigwe mistari ya tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, baki na sahihi. Andika kwa wino, na ukikosea kata mstari mmoja tu ili kosa lisomeke. Kila jioni ukurasa unapigwa picha na kutumwa kwenye grupu. Tangu nianze hivyo, swali la "hela zetu ziko wapi" halijaulizwa.

Wiki ya 7 ni ya kupokea maoni, na ndiyo ngumu kuliko zote. Unakaa dakika 10, wenzako wanasema, wewe unaandika. Hujitetei. Unaruhusiwa kusema maneno mawili tu: "nipe mfano". Zoezi linaharibika pale mtu anaposema "una kiburi", kwa sababu hakuna unachoweza kukirekebisha hapo. Linafanya kazi anaposema "ulianza kikao kabla watu wa Igoma hawajashuka kwenye daladala, na uliamua bila wao". Hilo unalirekebisha kesho yake. Mwezeshaji asiyekatiza maneno ya jumla anapoteza kipindi kizima, na kundi letu lilipoteza nusu ya kwanza hivyo.

Mapungufu yapo. Hendauti zote ni za Kiingereza wakati mazungumzo yote ni ya Kiswahili. Ratiba haikuangalia wiki za testi, kwa hiyo wiki ya 6 viti vilikuwa vitupu. Cheti usikifuate, ni karatasi ya kuhudhuria tu.

Kubwa zaidi, hawafundishi makabidhiano, na huko ndiko uongozi wa wanachuo unakofia kila mwaka. CR mpya anapaswa kupokea ukurasa mmoja wenye baki la fedha, madeni, namba za viongozi wa idara, ahadi ambazo hazijatimizwa na majina ya maadmini wa grupu, kisha wote wawili wausaini mbele ya darasa. Nimewaandikia waandaaji wayaongeze makabidhiano kwenye wiki ya 8, ambayo sasa hivi ni ya picha na keki. Ukijiunga, nunua mwenyewe kaunta buku la kwaya 2 (kwaya ni kipimo cha unene wake); madaftari wanayogawa ni membamba, langu liliisha wiki ya 5.