Barua za kidijitali kwa watoto wa miaka 6 hadi 8: picha zenye sauti au video?

Barua ya kidijitali hapa ni hadithi ambayo mtoto humtumia rafiki badala ya barua ya karatasi. Kwa picha zenye sauti, mtoto huchora picha 5 au 6, mwalimu huzipiga picha kwa simu, kisha mtoto husimulia kila picha kwa sekunde 10 hivi. Faida yake kubwa ni kwamba kila picha ina sauti yake: akikwama kwenye ya nne, anarudia hiyo tu. Kwenye video, kosa moja humrudisha mwanzo, na kufikia mara ya tatu ameshachoka, anasoma kama kasuku.

Uzito wa faili nao ni tatizo. Video ya dakika moja ya 1080p (ubora wa juu, HD) inaweza kufika megabaiti 60 au zaidi, wakati picha zilizopunguzwa ukubwa pamoja na sauti hazizidi megabaiti chache. Tena michoro haionyeshi sura ya mtoto wala nembo ya shule kwenye sare. Video inahitaji idhini ya wazazi kwanza.

Kinachoharibu picha zenye sauti ni kelele. Rekodi nje ya darasa, feni ikiwa imezimwa, simu ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni.

Video inashinda pale penye vitendo: mchezo wa kamba, au lugha ya alama kwa watoto viziwi. Kwingine kote, chagua michoro. Na hadithi yoyote iishie kwa swali moja mahususi kwa rafiki, maana bila swali majibu huwa "asante" tu.