Kalibu ya babu kwa fundi wa kukereza, Lamu: uzoefu wangu

Kalibu hii, yaani chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa yapate umbo, kiasili ni ya risasi za gobori, bunduki ya zamani ya kushindilia. Gobori lenyewe sijapata kuliona. Mimi nimemkuta babu akiitumia kumiminia chubwi za mishipi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoana. Alichimba kijifereji katika taya zote mbili, yaani nusu mbili za kalibu, akawa anapitisha waya, basi chubwi ikitoka ina tundu lake tayari. Alipofariki ikawekwa darini, hewa ya chumvi ikafanya kazi yake. Taya za shaba zilikuwa nzima, lakini pini ya bawaba imelika, kisahani cha juu cha kukatia shina (risasi inayobaki mdomoni mwa kalibu) kimepotea, na vipini vya mti vimekuwa unga wa mchwa.

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini mwenye mashine ya kukereza, kazi yake hasa ni injini za boti. Tulipatana Sh 2,500 kwa pini, kisahani na skrubu, nikatanguliza nusu. Siku mbili zake zilikuwa wiki mbili. Kila nikienda, stima imekatika.

Kwa pini sina neno. Aliikereza kutoka kipande cha shafti ya boti, chuma kisichoshika kutu, na ukifunga taya ukaziinua juani huoni hata uzi wa mwanga katikati.

Kilichonipandisha hasira ni skrubu ya kisahani. Tundu lile ni la vipimo vya zamani vya Kiingereza, robo inchi, meno 20 kwa inchi. Yeye akatia ya milimita 6. Ikaingia mizunguko miwili ikakataa, naye badala ya kujiuliza akaiongezea spana! Shaba ni laini. Meno ya mwanzo yakalala yote. Nilipolalamika akaniambia, "Ami, kalibu yako kuukuu hii." Kwani ingekuwa mpya ningeileta?

Aliyeniokoa ni mzee jirani yake, aliyezoea injini za zamani. Alimwaga mkebe wa skrubu juu ya mkeka, akazijaribu moja moja, ya nne au ya tano ikashika meno ya ndani yaliyosalia. Pesa alikataa, akataka samaki wawili, changu.

Vipini alinichongea mchonga milango kwa kipande cha mbambakofi, Sh 600. Kimoja kimezidi mwenzake kwa upana wa ukucha, si kitu.

Nimeijaribu uani, upepo mgongoni kwa sababu moshi wa risasi ni sumu, na kwa sufuria ambayo haitapikiwa tena. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, kwa hiyo jiko la makaa latosha. Chubwi tano za kwanza zilitoka na makunyanzi kama uso wa ajuza, kwa kuwa kalibu ilikuwa baridi. Nikaiegesha ukingoni mwa jiko hadi ikapata joto, nikaifukiza ndani kwa masizi ya kibatari kama alivyokuwa akifanya babu. Ya sita ikadondoka yenyewe, laini, inang'aa. Kisahani kinakata shina kwa pigo moja la kijiti. Ila ukitaka kujaribu kwako, hakikisha kalibu ni kavu kabisa: tone moja la maji likikutana na risasi ya moto, hukurukia usoni.

Fundi nampa nyota tatu kati ya tano. Katika nusu iliyobaki nilikata Sh 300 za meno ya shaba. Alizihesabu mara mbili, hakubisha.