Kupanda Ol Doinyo Lengai usiku: mwongozaji hodari, tangazo lenye kasoro

Kampuni kadhaa za utalii huuza safari ya kupanda Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kusini mwa Ziwa Natron ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Huduma ninayoitathmini hapa ni ya aina hiyo, nami sitaitaja kampuni kwa jina. Inajumuisha gari la kufika kijiji cha Engare Sero, kambi yenye chakula, na mwongozaji wa Kimasai anayeanza kupandisha wageni yapata saa sita usiku ili wafike juu alfajiri. Niliilipia kwa sababu hii ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti, yaani lava iliyojaa chumvi za kaboneti kama magadi, na nilitaka kuona kama mgeni husaidiwa kuelewa anachokikanyaga.

Kwa upande wa mwongozaji, nimeridhika kabisa. Jioni, kabla hatujalala, alituketisha mahali ambapo mlima wote unaonekana, akatueleza kwa nini volkano hazifanani. Katika volkano nyingi, alisema, jambo kubwa ni silika, yaani madini yanayopatikana pia katika mchanga na kioo, iliyomo ndani ya lava. Silika ikiwa chache, lava huwa nyepesi na hutiririka mbali kabla ya kuganda, hivyo mlima hujengeka ukiwa mpana na wenye miteremko ya taratibu, kama ulivyo Nyamulagira huko Kongo, ambao ni volkano ya umbo la ngao. Silika ikiwa nyingi, lava hunata na kuzuia gesi isitoke, na gesi hiyo ikishapata nguvu ya kutosha hupasua njia kwa mlipuko. Majivu na lava hulala tabaka juu ya tabaka hadi mlima unakuwa mrefu wenye kilele, kama Meru na Kibo.

Lengai una mambo yake. Lava yake haina silika ya kutajika; imejaa kaboneti za sodiamu na kalisi, hutoka ikiwa na joto la nyuzi kati ya 500 na 600 hivi za Selsiasi, yaani karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na hutiririka kwa wepesi wa ajabu. Mchana haionekani nyekundu, bali nyeusi au ya kahawia, na baada ya kuganda hunyonya unyevu wa hewa ikageuka nyeupe. Weupe unaoonekana karibu na kilele, ambao wageni wengi huudhania theluji, ni lava hiyo.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, kila mgeni anapaswa kuliuliza: ikiwa lava ni nyepesi kiasi hicho, mbona mlima umechongoka namna ile? Alijibu bila kusita kwamba sehemu kubwa ya mlima haikujengwa na lava nyeupe, bali na majivu na miamba yenye silika iliyorushwa na milipuko. Umbo lenyewe, basi, ni ushahidi kwamba Lengai una tabia mbili. Ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka tena 1940 na 1966. Kuanzia 1983 ulikuwa ukitoa lava kwa utulivu, hadi Septemba 2007 ulipoanza kurusha majivu, wiki kadhaa baada ya matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi. Milipuko hiyo iliendelea hadi 2008 na kuacha shimo lenye kina kirefu pale ambapo awali palikuwa na uwanda wa lava.

Kasoro ya kampuni iko hapa hapa. Tangazo lake linaonyesha watu wakitembea juu ya uwanda huo, kando ya vichuguu vya lava, jambo ambalo halijawezekana tangu milipuko hiyo. Leo mgeni husimama ukingoni na kutazama chini, na kingo hizo si imara. Wala tangazo halikugusa historia ya milipuko, na kabla ya safari hakuna aliyetuambia tungefanya nini iwapo mlima ungebadilika usiku ule. Yote hayo tuliyapata kwa mwongozaji, kwa hiari yake. Mteja anayelipia kupanda volkano hai ana haki ya kuyajua kabla ya kutoa fedha, na kampuni inayoyanyamazia haimtendei haki.

Kuhusu mengine nitasema kwa ufupi. Chakula kilitosha, na gari lilikuwa imara. Njia haina maji wala kivuli, mteremko wa juu ni mkali mno, na kushuka juu ya majivu yanayoteleza, jua likiwa limeshapanda, ni kugumu kuliko kupanda. Kofia ngumu tulipewa baada ya kuziomba; zingepaswa kugawiwa kila mtu, kwa maana mawe huporomoka.

Ninaipendekeza huduma hii kwa mwenye miguu imara, mradi aulize mapema mwongozaji ni nani na hali ya kasoko, yaani shimo la kileleni, ikoje kwa wakati huo. Asiyeweza kupanda abaki Engare Sero na aombe kupelekwa penye nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhiwa katika tope la majivu yaliyotoka Lengai.