Express Entry ya Kanada kwa anayeomba akiwa Dodoma

Express Entry ni mfumo wa Kanada wa kuchagua kwa alama wataalamu wanaotaka kuhamia huko, na tunausifu: kufungua wasifu ni bure na hauhitaji wakala. Anayekuahidi nafasi ya uhakika kwa malipo ya mapema, mkimbie.

Mhitimu wa UDOM anayeomba kama mfanyakazi mwenye ujuzi lazima kwanza avuke pointi 67 kati ya 100. Ndipo anashindanishwa na wenzake kwa alama zinazofika 1,200. Hapo Kiingereza kinabeba mno: mtihani wa Kiingereza wa IELTS, aina ya General Training, ukiwa na 6 kila kipengele inakufikisha mlangoni tu, ila kusikiliza 8 na vingine 7 hupandisha alama kwa kishindo. Umri nao haungoji. Kuanzia miaka 30 alama hupungua kila mwaka.

Panapoangusha watu ni barua ya mwajiri. Ofisi zetu zimezoea mistari mitatu: "Ndugu huyu ni mtumishi wetu tangu 2018." Haitoshi kabisa! Ionyeshe cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara na majukumu, na majukumu yaendane na msimbo wa kazi (namba ambayo Kanada huipa kila aina ya kazi) uliouchagua. Afisa utumishi akisita, mpelekee rasimu.

Ukialikwa kuomba ukaazi wa kudumu, una siku 60 za kutuma maombi, zikipita mwaliko umekufa. Kwa hiyo cheti cha tabia njema cha polisi kiwahi kushughulikiwa. Kuthibitisha fedha zako, andaa taarifa za benki za miezi sita. Fedha zilizoingia ghafla wiki iliyopita hutiliwa shaka. Alama za vidole ni Dar es Salaam, na treni ya SGR imeirahisisha sana safari hiyo.