Sitar ya George Harrison: kabla ya Ravi Shankar na baada yake

Oktoba 1965, katika "Norwegian Wood", wimbo wa Beatles, mpiga gitaa wao Harrison anapiga sitar (ala ya nyuzi ya Kihindi) kigitaa: anafuata melodi noti kwa noti. Inapendeza, ila ni nakshi tu juu ya wimbo wa gitaa.

Mwaka 1966 akakutana na Shankar, bingwa wa sitar kutoka India, London. Siku ya somo aliruka sitar kwenda kupokea simu, mwalimu akamchapa mguuni: ala lazima iheshimiwe. Akafundishwa kukaa chini miguu imekunjwa, jambo lililomtesa sana, na kuvuta uzi pembeni juu ya freti (vipande vya chuma vilivyovuka shingo ya ala) hadi noti ipande kwa mteremko, tano hivi kwenye freti moja. Kwenye gitaa la kawaida uzi hauendi mbali hivyo. Chini ya nyuzi zinazopigwa zipo nyingine kama 11 hadi 13 zinazovuma zenyewe. Zisipofungwa kwa noti za raga (mpangilio wa noti wa muziki wa Kihindi) husika, zinanyamaza au zinachafua sauti. Ndiyo maana kubadilisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kila mara hakuifai sitar.

"Within You Without You" ya 1967 inalijua hilo: hakuna mfululizo wa kodi, tambura, ala ya nyuzi inayovuma mfululizo, inashikilia noti ya msingi, na katikati tabla, ngoma za Kihindi, inahamia mzunguko wa mapigo 10. Kwangu huu ndio wimbo mkubwa zaidi.

Baadaye Harrison alirudi kwenye gitaa, akateleza kwa kijibomba cha slaidi kidoleni. Agosti 1, 1971, katika tamasha la Madison Square Garden, New York, walichangia Bangladesh pamoja: Shankar kwa sitar, yeye kwa gitaa.