Ununue mashine gani ya gemu Dar? Anza kwa kulisoma jina

Ukiingia Kariakoo kutafuta mashine ya gemu, utatajiwa majina kabla hujatajiwa bei: Slim, Pro, Digital, Lite, One S, Series S, 4K. Mengi tumeshayazoea kwenye simu na TV, na kampuni za gemu huyatumia kwa sababu mnunuzi anayaamini tayari. Umbo nalo ni hivyo hivyo. Nintendo walipoipeleka Famicom, mashine yao ya gemu za kaseti, Marekani mwaka 1985, baada ya biashara ya gemu kuporomoka huko mwaka 1983, waliiita Entertainment System na kuifanya ifanane na deki ya kanda: kifuniko mbele, kaseti unaisukuma ndani kisha unaibonyeza chini. Maduka yakaipokea. Lakini mlango ule wa mtindo wa deki ulichosha pini za ndani, kaseti zikawa hazishiki, na watoto wakaanza kuzipuliza. Sony walifaulu zaidi mwaka 2000. PlayStation 2 yao (PS2) ilikuwa nyeusi kama redio ya sebuleni na ilicheza DVD, na mpaka inasimama kutengenezwa zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 155.

Nimezipanga mashine hizi kwa kuangalia mambo manne ya nyumba ya kawaida ya Dar: umeme, bando, TV iliyopo, na CD za kuazimana. La CD ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mtoto mwenye CD ya mpira anaweza kubadilishana na mwenzake wa mtaa wa pili, na akiichoka anaiuza. Mashine isiyo na sehemu ya CD inamnyima yote hayo, na inamtaka apakue gemu ambazo nyingi kubwa za siku hizi huzidi GB 50 kila moja. Isitoshe, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation. Watu hufungua akaunti ya nchi nyingine, na kadi ya kuongeza salio lazima iwe ya nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona neno Digital kwenye boksi, elewa kwamba CD haiingii.

1. PS4 Slim, hata kama ni used

Hii ndiyo ninayowashauri wazazi wengi, na sioni haya kuisema hata sasa ambapo PS5 ipo. Ilitoka 2016, inakula umeme kidogo kuliko PS4 ya kwanza ya 2013, na gemu ya mpira ya EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 bado ilitolewa kwa PS4. CD zake ni rahisi kupatikana, mafundi wanaijua, na diski yake ya kuhifadhia gemu unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

Sasa tazama jina. Sony hawakuandika Slim kwenye boksi. Ni jina la mtaani tu. Igeuze mashine usome namba ya modeli: Slim huanza na CUH-2, PS4 nene huanza na CUH-1. Kwa macho, Slim ina kona za mviringo na rangi nyeusi isiyong'aa, wakati zile nene za mwanzo zina upande mmoja unaong'aa kama kioo, ambao huchubuka haraka. Muuzaji akikuuzia nene kwa bei ya Slim, namba hiyo ndiyo ushahidi wako. Lakini nene nayo si mbaya: ina tundu la sauti la optiki ambalo Slim imepokonywa, kwa hiyo mwenye sabufa ya zamani inayotumia waya huo inamfaa zaidi.

Kama nyumbani bado kuna TV ya kichogo, PS4 haitakufaa bila kibadilishio, kwa sababu hutoa picha kwa HDMI pekee.

2. PS5 yenye sehemu ya CD

Kwa mwenye uwezo na TV ya 4K, hii ndiyo bora kuliko zote kwa picha na kwa miaka ijayo. Ile ya 2020 ina kimo cha sentimita 39 na uzito wa kilo 4.5. Imechorwa ili ionekane sebuleni, nyeupe yenye mabawa, na kabati nyingi za TV zinazotengenezwa na mafundi wetu haziitoshi. Pima kwanza, na uiachie nafasi ya kupumua.

Toleo dogo la mwishoni mwa 2023 watu huliita Slim, na hapa pia jina hilo halipo kwenye boksi. Sehemu yake ya CD inachomoleka, na ukiifunga kwa mara ya kwanza itahitaji intaneti ili itambuliwe. PS5 Pro ya 2024 ilitoka Marekani kwa dola 699.99 bila sehemu ya CD kabisa; hiyo unainunua pembeni. Kwa matumizi ya hapa sioni sababu ya kulipia neno Pro.

3. Nintendo Switch

Hii ina skrini na betri zake yenyewe, hivyo umeme ukikatika, mtoto anaendelea kucheza. Faida hiyo peke yake imeipandisha hadi hapa, juu ya Xbox. Ila majina yake yanahitaji utulivu. Switch Lite haiunganishwi kwenye TV hata ufanyeje. Switch ya kawaida ya 2017 ilibadilishwa kimyakimya mwaka 2019 ikapewa betri ya saa 4.5 hadi 9 badala ya 2.5 hadi 6.5, na jina likabaki lile lile. Toleo jipya boksi lake lina mandhari nyekundu nzima. Kwa mpira, jihadhari na FIFA 20 hadi 23 za Switch zilizoandikwa Legacy Edition: ni gemu ile ile ya zamani yenye jezi na vikosi vipya.

4. Xbox

Mashine zenyewe ni nzuri, majina ndiyo yanayomtesa mnunuzi. Microsoft walitoka Xbox (2001) kwenda 360 (2005), kisha One (2013), One S, One X, halafu Series S na Series X mwaka 2020. One ilibuniwa iwe kifaa kimoja cha sebule nzima, ina hadi tundu la kuchomekea king'amuzi, na umbo lake ni la deki kabisa. Mtu akikuambia tu "Xbox X", mwambie ataje jina lote. One S na Series S kwa kawaida ni nyeupe. Yenye duara kubwa jeusi ni Series S, na haina sehemu ya CD. Nimeiweka Xbox hapa kwa sababu vibanda vingi vya gemu na watoto wengi mtaani wana PlayStation, hivyo CD za kuazimana ni chache.

5. PS3 na Xbox 360

Ni za bajeti ndogo, na zinakubali TV ya kichogo. FIFA ya mwisho kwa mashine hizi ni FIFA 19. Xbox 360 iliyoletwa kutoka Marekani huja na adapta ya volti 100 hadi 127. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za 230 unaiunguza. Isome kabla ya kulipa.

Usinunue: vijiti vya "4K" vyenye maelfu ya gemu

Hapa naongea kwa uchungu, maana wanaonunua ni wazazi wenye pesa ya kubana. Kijiti hicho kinachezesha gemu za kaseti za miaka ya 1980 na 1990, nyingi zikijirudia kwa majina tofauti. Hiyo 4K ni picha ya zamani iliyotanuliwa. Mtoto aliyeahidiwa mpira wa akina Mbappé atakitupa ndani ya wiki. Ni ndugu wa zile Polystation zilizovaa umbo la PlayStation ya kwanza huku ndani zikiwa Famicom.

Dukani, omba iwashwe mbele yako. Ingiza CD, itoe, ingiza tena. Jaribu kila kitufe cha pedi, na kwa PS4 chomeka hedifoni kwenye pedi hiyo, maana feki nyingi hushindwa hapo. Washa intaneti ya simu yako uone inaingia kwenye akaunti. Iliyofungiwa na kampuni, au iliyochezewa programu ili kujazwa gemu za bure, itagoma. Kisha dai risiti ya EFD, na iandikwe namba ya modeli pamoja na serial namba ya mashine.