Shule ya transfa, yaani shule mbadala ya vijana waliobaki nyuma, hapa New York: niliyoyaona kwa miaka miwili

Kijana wa dada yangu alikuja kuishi nami Bronx akiwa na miaka 15. Alipotimiza 17 alikuwa na krediti 11, yaani pointi anazopata mwanafunzi kwa masomo aliyofaulu kila muhula. Kwa asiyejua hesabu za hapa, New York mtoto anatakiwa kuwa na krediti 44 ndipo apewe diploma, yaani cheti cha kumaliza sekondari, na anayekwenda vizuri hupata kama 11 kwa mwaka. Miaka yake miwili shuleni ilikuwa imezaa kazi ya mwaka mmoja.

Hakuwa mtukutu. Jioni alikuwa akipanga bidhaa dukani hadi usiku wa manane ili amtumie mama yake chochote, na kipindi chake cha kwanza, hisabati, kilianza saa 2 asubuhi. Ukikosa hisabati mwezi mzima huwezi kurudi tu ukakaa ukaelewa. Akaanza kuona aibu kuingia darasani, na aibu ikamfanya akose hata vipindi alivyokuwa akivipenda.

Shule ile ya kwanza ilikuwa kubwa mno, na kila jioni ilinipigia simu ya mashine: mwanafunzi wako amekosa kipindi kimoja au zaidi. Ukisikia sauti hiyo mara arobaini huisikii tena. Halafu siku moja nikaitwa, nikaambiwa, "Mama, umri umemtupa mkono, bora akafanye GED," yaani mtihani wa kupata cheti kinachohesabiwa sawa na diploma. Nililia kwenye treni. Sikujua wakati ule kwamba New York mtoto asiye na diploma ana haki ya kusoma shule ya umma bure hadi mwisho wa mwaka wa masomo anaotimiza miaka 21. Wala uhamiaji hauingii hapo, kwa sababu tangu 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwishaamua kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa kukosa karatasi. Siidharau GED. Ni mtihani wa masomo manne na umewasaidia watu wazima wengi wenye kazi na familia. Lakini kijana wa miaka 17 kusukumwa huko kwa sababu shule imemchoka, hapana.

Aliyenionyesha njia ni mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye. Akaniuliza, "Mbona hujajaribu shule za transfa?" Hizi ni shule mbadala za umma, ndogo, za vijana kuanzia miaka 16 hadi 21 waliokwisha kuingia sekondari wakabaki nyuma au wakaacha kabisa. Hulipi hata senti. Nafasi hupati kwa kupangiwa tu, bali kijana anaomba na kufanyiwa mahojiano. Ya kwanza ilitukatalia kwa kuwa nafasi zilijaa. Ya pili ndiyo ninayoielezea hapa.

Siku ya mahojiano mshauri hakuuliza kwa nini amefeli. Alitandika karatasi ya krediti mezani, akachukua rula na penseli, akaanza kupiga mistari. Kiingereza zinatakiwa 8, umepata 2. Historia na uraia 8, umepata 3. Hisabati 6, sayansi 6, sanaa 2, lugha ya kigeni 2, afya 1, za hiari 7. Alipofika mazoezi ya viungo, zinazotakiwa 4, kijana alikuwa na sifuri, maana kipindi hicho kilikuwa cha mwisho na yeye alikuwa akikimbilia kazini. Nilishtuka. Mtoto anabeba maboksi usiku kucha na anadaiwa mazoezi! Mshauri akaandika chini: 11. Akamwambia, "Hizi ni zako, hakuna wa kukunyang'anya. Zimebaki 33." Pale mwaka umegawanywa mihula mitatu badala ya miwili, kwa hiyo akagawa 33 kwa mihula sita na kupata masomo matano au sita kila muhula. Miaka miwili. Nilimwona kijana ananyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza deni lake lilikuwa na mwisho wa kuhesabika, na muhula ukiharibika unaanza mwingine baada ya wiki chache, husubiri Septemba.

Kitu cha pili, ambacho mimi nakiweka mbele ya yote, ni simu ya asubuhi. Kila kijana ana mshauri wake. Saa 3 na dakika 10, kama hajafika, simu inalia, na anayepiga ni mtu anayemjua. Wiki ya tatu kijana alilala. Mshauri akanipigia mimi, akampigia yeye, akampigia tena, halafu akamwandikia ujumbe: "Njoo hata kama umechelewa, nimekuwekea karatasi za sayansi." Akaenda saa 5. Hakuna aliyemfokea mlangoni. Aliporudi jioni akaniambia, "Mama mdogo, walikuwa wananisubiri." Mtoto ambaye shule ya watu elfu kadhaa haikuona kama yupo au hayupo.

Tatu ni kazi. Shule nyingi za transfa zinashirikiana na taasisi za kijamii zinazowatafutia vijana kazi za mafunzo zenye malipo, mchana, kwa masharti kwamba mahudhurio ni mazuri. Hapa ndipo lile duka la usiku lilipoachwa. Lakini niseme wazi: nafasi ni chache. Alisubiri muhula mzima, na katika muhula huo tuliishi kwa kubana sana kwa sababu nilimkataza kurudi dukani. Mzazi anayetegemea mshahara wa mtoto aulize hili siku ya kwanza, asingoje.

Sasa mapungufu, maana yapo.

Somo moja la historia alilisoma kwenye kompyuta. Unasikiliza, unabofya, unajibu maswali ya kuchagua, krediti inaingia. Alimaliza kwa siku kumi na moja. Nikamuuliza swali moja tu: kwa nini watumwa walioachwa huru Marekani walirudi kulima mashamba ya watu wale wale? Akanitazama. Nilikwenda shuleni nikasema sikumleta mtoto akusanye krediti kama vizibo vya soda. Mwalimu alinisikiliza, na ninamshukuru, akampa insha ya kurasa nne juu ya swali lile lile. Insha ilichukua wiki tatu na ilimtoa jasho. Ile ndiyo historia aliyosoma. Ukiona shule mbadala inajaza ratiba yote kwa masomo ya kubofya, ogopa. Diploma itapatikana na chuo kitamkataa kwa kushindwa kuandika.

Pia shule ndogo ina masomo machache. Fizikia haikuwepo, wala timu ya mpira. Kijana anayeota uinjinia atalazimika kuziba pengo hilo chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili.

Na mitihani ya serikali, ile ya Regents, haikuepukika. Zipo shule chache zenye kibali cha kupima wanafunzi kwa kazi kubwa za maandishi na kuzitetea mbele ya jopo badala ya mitihani mingi ya Regents, ila yetu haikuwa mojawapo. Alihitaji alama 65. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza sheria inaruhusu muda wa ziada, nusu tena ya muda wa kawaida, na kamusi ya lugha mbili. Kamusi yenyewe iwe ya neno kwa neno tu, isiyo na maelezo. Yetu ya nyumbani ilikuwa na maelezo, ikakataliwa, na mshauri akatuchapishia orodha ya maneno ya aljebra kwa Kiswahili: mlinganyo, kipeo, mteremko. Alifeli aljebra Januari, akarudia Juni akapata 71. Katika shule ya zamani hakuna aliyewahi kutuambia habari ya kamusi.

Neno kuhusu sifa mbaya. Jirani aliniambia nimempeleka mtoto shule ya wahuni. Niliwaona hao wahuni siku ya mkutano wa wazazi: binti amembeba mtoto wake wa miezi minane, kijana anayelala kwenye makazi ya wasio na nyumba, mwingine aliyemuuguza bibi yake mwaka mzima. Diploma wanayopewa ni ya jimbo la New York kama ya shule nyingine yoyote.

Halafu ukitafuta shule hizi utaona kiwango cha wahitimu kiko chini, utaogopa. Angalia kiwango hicho kimehesabiwaje. Takwimu inayotangazwa zaidi Marekani ni ya waliomaliza ndani ya miaka 4 tangu kuingia darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari. Kijana wetu alimaliza Juni, akiwa na miaka 19, baada ya mwaka wa 4 kupita. Kwa takwimu hiyo yeye hakuhitimu. Uliza ya miaka 6, kisha uliza mahudhurio, kisha uliza nani atapiga simu mtoto asipofika, na uombe uonane naye kabla hujasaini.

Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa simu. Kiswahili kipo na hulipi. Nenda na karatasi ya krediti, chanjo, na uthibitisho wa anwani. Nenda na mtoto mwenyewe, na umwache ajibu. Mimi nilijibu maswali mawili kwa niaba yake, na mshauri kwa upole akageuza kiti kikamwelekea yeye.